Ngara ipi? Ukurasa wa tovuti unaojieleza hauchanganywi na mwingine

Jina Ngara linabebwa na mahali pawili panapojulikana Afrika Mashariki. Moja ni wilaya ya Mkoa wa Kagera inayopakana na Rwanda na Burundi. Nyingine ni mtaa wa Nairobi ulio jirani na katikati ya jiji, wenye soko, shule na barabara zake. Mtu akiandika kwenye Google "gesti Ngara" au "hospitali Ngara", mtambo unalazimika kukisia anakusudia ipi. Nairobi ina wafanyabiashara wengi zaidi na kurasa nyingi zaidi mtandaoni, kwa hiyo ukurasa wa Ngara ya Kagera ambao haujajieleza vizuri huachwa nyuma tangu mwanzo.

Tatizo haliishii hapo. Kabanga ni mji wa mpakani wilayani Ngara, unakovuka kwenda Kobero, Burundi. Kabanga ni pia jina la mradi wa nikeli wilayani humo humo, unaoandikwa sana kwa Kiingereza kwa ajili ya wawekezaji. Na iko Kabanga nyingine Kasulu, Kigoma, yenye hospitali na chuo cha ualimu. Rusumo nayo iko pande zote mbili za mto wa mpakani: Tanzania na Rwanda. Juu ya hayo yote kuna historia. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, na Benaco, wilayani Ngara, ikawa kambi ya wakimbizi iliyotajwa dunia nzima. Ripoti za miaka ile bado zipo mtandaoni, na ni haki ziwepo. Lakini mkulima wa kahawa wa Rulenge anayetafuta mnunuzi leo naye anastahili kuonekana.

Wateja wangu wengi wanapoona hali hii huuliza bei ya matangazo ya kulipia. Mimi huwaambia waanze na kilicho mikononi mwao: maneno, vichwa, picha na mpangilio wa kurasa zao wenyewe. Hiyo ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo, hasa kwa wilaya kama Ngara na jirani yake Biharamulo, ambako washindani walioifanya kazi hiyo ni wachache.

Kwanza tuelewe mtambo unavyofanya kazi. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, ina roboti inayozunguka mtandaoni ikifuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kila inachosoma inakiweka kwenye faharasa kubwa mno. Unapotafuta jambo, hutafuti kwenye mtandao wenyewe wakati ule, unatafuta kwenye faharasa hiyo, na programu hupanga majibu kwa kupima vigezo vingi sana kwa pamoja. Maana yake ni kwamba ukurasa ambao roboti haikuufikia haupo kabisa kwa mtafutaji, na ukurasa ambao roboti iliufikia isielewe unahusu nini upo kwa jina tu.

Sehemu inayosema zaidi kuliko zote ni kichwa cha ukurasa: yale maandishi yanayotokea kwenye kichupo cha kivinjari, na ambayo kwa kawaida Google huyatumia kuwa mstari wa kubonyeza kwenye majibu yake. Tovuti nyingi za kwetu zimeandika hapo "Mwanzo" au "Karibu". Ni sawa na basi lililosimama stendi likiwa na kibao kilichoandikwa "Basi". Tuseme una nyumba ya kulala wageni Nyakanazi, pale barabara ya kwenda Kibondo na Kigoma inapokutana na ile ya Lusahunga na Rusumo. Kichwa chako kinaweza kuwa hivi: "Gesti Nyakanazi, Biharamulo: vyumba na maegesho ya malori". Hizo ni herufi 57 pamoja na nafasi, na ni vizuri kwa sababu kichwa kikizidi herufi 60 hivi, mara nyingi hukatwa kwenye skrini. Kimetaja huduma, mahali, wilaya na jambo ambalo dereva wa lori analitaka kuliko kiamsha kinywa. Kila ukurasa wa tovuti uwe na kichwa chake peke yake. Wa bei usibebe kichwa kile kile cha ukurasa wa mawasiliano.

Chini ya kichwa hicho kuna maelezo mafupi ya mistari miwili yanayoonekana kwenye majibu ya utafutaji. Hayo hayapandishi ukurasa, bali humshawishi mtu abonyeze. Pia kuna watu bado wanalipwa kujaza orodha ya maneno muhimu iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa. Septemba 2009 Google ilitamka wazi kwamba haiitumii orodha hiyo kupanga majibu. Anayekutoza fedha kwa kazi hiyo leo anakupotezea fedha.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, na hapa ndipo mtu wa Ngara au Biharamulo anapoweza kumshinda mtaalamu yeyote wa Dar es Salaam. Andika maneno ambayo mtafutaji anayatumia. Kwenye karatasi za serikali kuna Kata ya Kasulo, lakini dereva anayetoka Isaka kwenda Kigali anasema Benaco, na ndivyo atakavyoandika kwenye simu. Weka yote mawili ndani ya sentensi ya kawaida: "Tupo Benaco, Kata ya Kasulo, wilayani Ngara, mkoani Kagera." Murgwanza wengine huiandika Murugwanza, na Biharamulo kuna wanaoiandika Biharamuro. Tumia tahajia rasmi kila mahali, kisha itaje hiyo nyingine mara moja mahali inapofaa.

Majina ya mahali hubadilika pia. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Mwongoza watalii ambaye ukurasa wake bado unazungumzia pori la akiba pekee hampati mgeni aliyesoma jina jipya. Akilifuta la zamani kabisa, anampoteza yule mwenye kitabu cha safari cha miaka iliyopita. Sentensi moja inayoeleza kwamba eneo hili hapo awali lilikuwa Pori la Akiba Biharamulo inawahudumia wote wawili.

Mgeni huyo huenda anatafuta kwa Kiingereza au Kifaransa. Basi fanya ukurasa wa Kiswahili na ukurasa wa lugha nyingine, kila mmoja na anwani yake, uziunganishe kwa viungo. Kuchanganya lugha mbili ndani ya aya moja humchosha msomaji na kuichanganya roboti. Tafsiri ya mashine iliyobandikwa bila kuhaririwa nayo haifai.

Jambo linaloniuma zaidi ni maandishi yaliyogeuzwa picha. Tangazo linapigwa chapa, linasainiwa, linagongwa muhuri, linaskaniwa, kisha linapandishwa kwenye tovuti kama faili la PDF lenye jina la namba tupu. Au bango la mafunzo linapigwa picha kwa simu na kuwekwa hivyo hivyo. Google inaweza kujaribu kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, lakini si jambo la kulitegemea. Kijana wa Nyakahura anayetafuta nafasi ya kazi hatalipata tangazo hilo, na akilipata, faili zito litammalizia bando. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri nchini zilizinduliwa kwa mfumo wa pamoja, na mfumo huo una mahali pa kuandika habari kwa maandishi ya kawaida. Faili lenye muhuri libaki kwa kumbukumbu, ila yaliyomo yaandikwe pia kwenye ukurasa: nafasi gani, sifa zipi, mwisho wa kuomba lini, wapi.

Picha zenyewe hazina ubaya zikiwa zimeandaliwa. Picha ya simu ya leo inaweza kuwa na megabaiti nne au zaidi, na kwa ukurasa wa kawaida kilobaiti 200 zinatosha. Google inapendekeza kipengele kikubwa zaidi cha ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, kiwango kigumu kukifikia pale mtandao unapoyumba kama picha hazijapunguzwa. Badala ya kuliacha faili na jina la kamera, liite "daraja-la-rusumo". Kisha jaza ile sehemu ya maelezo ya picha, ambayo husomwa na roboti na pia na programu zinazowasomea wasioona. Na kabla ya kusifu tovuti yako kwenye kompyuta ya ofisini, ifungue kwenye simu ya bei nafuu. Oktoba 2023 Google ilitangaza kukamilisha mpango wa kutumia sura ya simu ya tovuti katika kujenga faharasa yake. Kilichofichwa kwenye sura ya simu ni kama hakipo.

Viungo vya ndani husahaulika. Ukurasa wa maporomoko ya Rusumo, penye mradi wa umeme wa megawati 80 wa nchi tatu, uelekeze kwenye ukurasa wa malazi, na wa malazi kwenye ule wa mpaka, kwa maneno yanayosema kitu. "Taratibu za kuvuka Rusumo" ni kiungo kizuri. "Bonyeza hapa" hakisemi chochote. Tovuti ikijengwa upya, anwani za zamani zielekezwe kwenye mpya, maana kuziacha zife ni kutupa sifa iliyojengwa kwa miaka.

Kuna mafundi wanaouza njia ya mkato: kurasa 50 za aya moja ile ile, iliyobadilishwa jina tu, Rulenge, Kabanga, Runazi, Nyakahura. Siku hizi wanaziandikisha kwa akili mnemba kwa dakika chache. Sera za Google za Machi 2024 zinataja waziwazi uzalishaji wa kurasa kwa wingi kwa lengo la kudanganya mpangilio wa majibu, na adhabu yake ni kushushwa au kuondolewa kabisa. Ukurasa mmoja ulioandikwa na mtu anayeijua Rulenge, wenye bei za kweli, msimu wa mavuno, umbali wa kweli na hali ya barabara wakati wa masika, una thamani zaidi kuliko hizo zote. Habari hizo hazipo kwingine mtandaoni. Wewe ndiye uliye nazo.

Ukishamaliza marekebisho, jisajili kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google. Inaonyesha watu walitafuta maneno gani hadi wakauona ukurasa wako, ulikuwa nafasi ya ngapi, na kurasa zipi roboti imeshindwa kuziingiza kwenye faharasa. Matokeo hayaji siku hiyo hiyo. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki au miezi, na hakuna fundi anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Anza na kurasa tatu zinazotembelewa zaidi. Badilisha vichwa vyake kwanza, na hakikisha kila kimoja kinataja Ngara au Biharamulo pamoja na Kagera, Tanzania.