Boneti ya Saa Saba Mchana

Kila Januari wenye magari Dar es Salaam huuliza swali lilelile: mbona gari jeusi limetoka kuoshwa likiwa na madoadoa meupe? Jibu la kijiweni ni kwamba matone ya maji ni lenzi. Yamekusanya jua yakaunguza rangi.

Si kweli. Tone likilala kwenye bodi, miale hukutania chini zaidi ya bodi yenyewe. Watafiti wa Hungaria walilichunguza jambo hilo kwenye majani, wakachapisha mwaka 2010: juu ya jani laini tone halikuunguza kitu. Liliunguza pale tu vinyweleo vya jani vilipolinyanyua. Boneti haina vinyweleo.

Mchawi ni mvuke. Hewa ya Dar msimu huo hufika nyuzi 32 hivi, lakini bodi nyeusi iliyoanikwa juani huweza kufika nyuzi 70. Kwenye joto hilo, msukumo wa maji kugeuka mvuke huzidi mara tano ule wa maji yaliyo juu ya ngozi yenye nyuzi 35. Ndiyo maana, katika unyevunyevu uleule wa pwani, shampuu hukauka kabla kijana anayeosha hajazunguka upande wa pili, huku jasho lake likichuruzika tu. Na jasho linalodondoka halipozi mwili. Hupoza lile linalopaa. Kwenye boneti maji hupaa peke yake, yakiacha chokaa na chumvi za kisima. Madoa ndiyo hayo.

Kisha wapo mafundi wa mdomo: paka mafuta ya taa, jua litayaivisha, gari ling'ae. Upuuzi mtupu! Jua huyageuza mvuke, na mvuke huo huishia kwenye mapafu ya mpakaji. Petroli ni mbaya zaidi, kwa kuwa ina benzini, ambayo husababisha saratani ya damu.

Basi osheni asubuhi au kivulini, bodi ikishapoa, kipande kimoja kimoja, na suuzeni kabla povu halijakauka. Nta isubiri jioni. Kiganja kisiegemee boneti ya moto: chuma cha nyuzi 70 huunguza kwa sekunde moja hivi.

Muoshaji naye anywe maji kabla ya kiu. Akianza kuchanganyikiwa au kuongea ovyo, hiyo ni dharura: mwondoeni juani, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na hospitali ifuate. Maji hayatafutwi mbali. Ndoo iko miguuni pake.