Mstari Anayetaja Vituo

Wanangu wa Chalinze, habari za mabasi hamfundishwi na mtu. Ya Morogoro yanapita hapo, ya Tanga yanapita hapo. Basi sogeeni. Leo nina hadithi ya basi, ila hili linasafiri ndani ya kompyuta.

Ukitaka programu mpya kwenye kompyuta ya Ubuntu, unamwagiza meneja wa vifurushi. Jina lake APT. Anavileta vifurushi, anavifungua, anavipanga. Wako wenzake, kama Portage wa Gentoo, ambao kwa kawaida huleta maandishi tu ya programu, kisha huijenga hapo hapo kwako. Safari hiyo ni ndefu!

"Sasa mjomba, nitajuaje kama inakwenda au imekwama?"

Swali zuri hilo, tena sana! Mwaka 1985 Brad Myers, aliyekuwa akisoma Toronto, Kanada, alilichunguza. Aliwapa watu kazi kwenye kompyuta, mara kuna mstari unaojaa, mara haupo. Wengi wakaupenda mstari.

Mstari ni kondakta. Msikieni:

"Mimi Mstari! Tumetoka Dar. Kibaha hiyo! Mlandizi hiyo! Vigwaza hiyo! Vitatu kati ya vinne, bado Chalinze!"

"Kwa hiyo robo tatu ya muda imekwisha?"

Taratibu, mwanangu. Vigwaza si kuna mizani? Foleni ikiwa ndefu, kituo hicho kimoja kinakula muda kuliko Kibaha na Mlandizi. Vifurushi navyo hivyo hivyo. Kifurushi kidogo hujengwa kwa dakika chache. Kivinjari kama Chromium huweza kujengwa kwa saa nyingi. Lakini kwenye hesabu kila kimoja ni kimoja.

Ndiyo maana mimi nampenda kondakta anayesema, "Cha 3 kati ya 40, sasa najenga Chromium." Yule wa "zimebaki dakika mbili", halafu "zimebaki arobaini", simwamini hata kidogo.

"Basi Mstari atangaze kila wakati?"

Mh! Mwanzoni mwa mwaka 2016, npm, meneja wa vifurushi wa watu wa JavaScript, alikuwa na Mstari mpenda maneno. Kikitokea kitu kidogo, anajichora upya. Kingine kidogo, anajichora upya. Watu wakamzima, wakapima muda. Wengine wakaona kazi imeisha kwa karibu nusu ya muda! Kumbe kondakta alikuwa akisimamisha basi ili atangaze kwamba basi linakwenda. Akarekebishwa, akawa anajichora mara chache.

Sasa turudi kwa APT wetu. Amri yake ya apt ilipata Mstari wake mwaka 2014. Anakaa chini kabisa ya skrini, na asilimia zake pembeni.

"Mbona akikaribia mwisho husimama, mjomba?"

Na hilo umeliona? Una macho wewe! Hapo mara nyingi vifurushi vimekwisha kupangwa, ila zimebaki kazi za mwisho, kama hii. Programu nyingi huja na kurasa zake za maelezo, na orodha ya kurasa hizo lazima ipangwe upya. Anayeipanga anaitwa man-db. Soma maandishi yaliyo juu ya Mstari, huenda ukalikuta jina lake. Ukiliona, usizime kompyuta. Kaa ule mhindi wako wa kuchoma.