Wingu Dogo Kaskazini mwa Sola

Mwishoni mwa Novemba, yapata saa tatu za usiku, endapo mawingu ya vuli yataruhusu na mwezi haujachomoza, mkaazi wa Sola, mkoani Simiyu, akielekea kaskazini na kuinua macho hadi katikati baina ya upeo na utosi wa mbingu, ataona doa hafifu la nuru lisilometameta kama nyota. Hiyo ndiyo galaksi ya Andromeda, jamii ya nyota zisizohesabika zilizojipanga katika mikono iliyojisokota kuzunguka kitovu kimoja, na nuru imfikiayo mtazamaji huyo ilianza safari yapata miaka milioni 2.5 iliyopita, na galaksi hiyo, ajabu, ni katika zilizo jirani zetu.

Mwanachuoni Abdurrahman al-Sufi alilitaja doa hilo katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, akaliita wingu dogo, wala hakuwa na darubini. Hata mwanzoni mwa karne ya ishirini wanafalaki walikuwa wangali wakibishana, wengine wakishikilia kuwa limo humu humu katika galaksi yetu. Oktoba 1923, Edwin Hubble, kwa darubini ya Mount Wilson, California, alipiga picha juu ya bamba la kioo, akazitia alama ya N nyota tatu alizodhani zimeripuka ghafla. Kisha, alipolilinganisha na mabamba ya zamani, akaikata N moja na kuandika kando yake kwa wino mwekundu kwamba nyota ile hubadilika. Kung'aa na kufifia kwake, kila baada ya siku 31 hivi, ndiko kulikokata shauri, kwani Henrietta Leavitt alikwisha kubainisha mwaka 1912 kuwa nyota za aina hiyo, kadiri zinavyokawia kurudia mng'ao, ndivyo zilivyo kali kwa asili. Na ajuaye ukali wa asili, akiulinganisha na ufifu auonao, hupata masafa. Hesabu ya Hubble ilipungua mno, ila ilitosha kuitoa Andromeda nje ya galaksi yetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikatafute eksirei za mbinguni, ambazo hewa huzizuia zisifike ardhini. Na Andromeda ilikuwa miongoni mwa vyanzo vya eksirei ilivyovigundua. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, jukwaa la Wataliani, letu sisi wa Afrika Mashariki likawa jina, na hilo si la kujivunia sana.

Walimu wa Simiyu na wawatoe wanafunzi nje usiku mmoja, taa zizimwe, macho yazoee giza kwa robo saa, kisha walitazame doa hilo kwa pembeni kidogo, maana ukingo wa jicho hunasa nuru hafifu kuliko kati yake.