Watoto wa Machimboni Wanajua Kitabu Wanachokitaka

Wengi wetu huku Visiwani tukisikia majina ya Shinyanga na Geita, fikra zetu hukimbilia almasi na dhahabu. Hatukosei, kwani mali hizo ziko huko na Taifa zima linazitegemea. Lakini katika safari yangu ya karibuni ya mikoa hiyo miwili, niliyoifanya kwa kazi za Chama, kitu kilichonishughulisha zaidi hakikuwa dhahabu. Kilikuwa kitabu kimoja kikuukuu, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kilichokuwa kikipita mkono kwa mkono miongoni mwa watoto wa skuli moja ya msingi katika vijiji vya machimbo ya Geita.

Tulifika skulini hapo siku ya Ijumaa, saa za mwisho za masomo. Mwalimu wa darasa la sita alitukaribisha kwa heshima, akatuomba tukae nyuma ili tusikivuruge kipindi chake. Kipindi chenyewe hakimo katika ratiba, amekibuni mwenyewe. Kila Ijumaa watoto watatu au wanne husimama mbele ya wenzao, na kila mmoja hukitaja kitabu alichokisoma na kuwashawishi wengine wakisome. Sharti ni moja tu: msimuliaji husimulia mpaka pale penye hatari, kisha hunyamaza. Anayetaka kujua mwisho wake hana budi kukitafuta kitabu. Baada ya hapo mwalimu huandika ubaoni majina ya wanaokitaka, nao hukipokezana kwa zamu, kila mtoto siku tatu.

Niliposikia sharti hilo nilitabasamu, maana nilimkumbuka Maalim wetu wa chuoni. Baada ya kudurusu juzuu zetu, alikuwa akitusimulia visa vya Abunuwasi na vya Sindbad baharia, naye alikuwa na desturi ya kukatiza hadithi pale jahazi linapoanza kuzama. Kesho yake hakuna mtoto aliyechelewa chuoni.

Wa kwanza kusimama alikuwa binti mwembamba aliyekisifia kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952. Mtu mzima angetaja maadili yake na ufasaha wa lugha yake. Binti yule hakutaja hata moja kati ya hayo. Alisema kwamba yuko liwali mwema, anayependwa na watu wote, lakini kila usiku huwachapa manyani wawili, na akiisha kuwachapa yeye mwenyewe hulia. "Kwa nini anawachapa, na kwa nini analia?" akauliza, kisha akaketi. Majina tisa yaliandikwa ubaoni papo hapo.

Wa pili alikisifia kitabu kilichonifurahisha mimi kama mtu wa Visiwani: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mwandishi wetu wa Unguja, kilichopata ushindi katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, kikachapwa mwaka 1960. Mtoto yule hajapata kuiona bahari. Lakini alimweleza Bwana Msa na kiko chake, na maiti iliyokutwa mzimuni, kana kwamba mambo hayo yalitokea nyuma ya skuli yao. Akawaonya wenzake kwamba mna maneno magumu, "lakini yapite tu, utayaelewa mbele." Sijapata kusikia ushauri wa kusoma ulio bora kuliko huo.

Wa tatu ndiye aliyekuwa na kitabu kisicho na jalada. Alikuwa mvulana mwenye viatu vilivyojaa vumbi jekundu la machimbo. Alisema hakijui jina, wao hukiita "kitabu cha pango" tu, na kimetoka katika sanduku la mwalimu mmoja aliyestaafu. Akasimulia: watu watatu wamesafiri kwa mashaka makubwa, wamevuka jangwa, wamefika katika pango lililojaa almasi. Mlango wa pango ni jiwe kubwa. Jiwe likaanguka. Wamefungiwa ndani, wana maji kidogo, taa inakaribia kuzimika, na almasi ziko mbele yao vikasha vizima. Hapo akanyamaza.

Darasa zima likanyamaza pamoja naye. Watoto hao wanajua maana ya ardhi kufunga. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, shimo liliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, vyura na maji ya mwambani. Mwenzao mmoja alifia chini. Kwa mtoto wa mjini hadithi ya pango ni ndoto ya kusisimua. Kwa mtoto wa machimboni inaweza kuwa habari ya kaka yake.

Mimi nilikitambua kitabu hicho. Ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichoandikwa na Mwingereza H. Rider Haggard mwaka 1885 na kufasiriwa kwa Kiswahili zama za ukoloni wa Waingereza. Wazee wetu walikisoma, nasi tukakirithi. Ni kisa kilichofumwa kwa ustadi, lakini ndani yake wageni wa kizungu ndio vichwa vya mambo yote, na ndio waondokao na almasi mifukoni. Nilikuwa nikiwaza hayo, nisitake kuingilia kazi ya mwalimu, mara binti mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono akauliza: "Na wenye nchi yao, walipata almasi ngapi?"

Watoto walicheka. Mwalimu hakucheka, wala mimi sikucheka. Swali hilo, ndugu wasomaji, aliliuliza mtoto wa Geita, jirani na mkoa wa Shinyanga, ambako Williamson wa Kanada aligundua almasi za Mwadui mwaka 1940. Huko huko Mwadui, mwaka 1947, lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye karati zaidi ya 54, likatolewa zawadi kwa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, kwa arusi yake. Binti wa safu ya nyuma hakufundishwa siasa ya uchumi na mtu yeyote. Ameisoma mwenyewe katika hadithi ya pango. Kwa hiyo simuungi mkono anayesema vitabu kama hivyo viondolewe mikononi mwa watoto. Mtoto anayesoma kwa raghba huuliza maswali ambayo wakubwa wameyasahau. Ninachosema ni kwamba haifai kitabu hicho kiwe pekee.

Maana mikasa ya kuandikwa imejaa katika nchi hiyo hiyo. Wasukuma wana hadithi ya Masala Kulangwa, mtoto aliyelipasua dubwana Shing'weng'we na kuwatoa tumboni mwake watu wote waliomezwa, akalikata kwa bahati mbaya sikio la bibi kizee mmoja, na bibi huyo badala ya kumshukuru akamkasirikia. Na katika mkoa wa Geita kiko kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Viktoria. Kati ya mwaka 1966 na 1969 walipelekwa huko sokwe wapatao 17, waliokamatwa wadogo katika misitu ya Afrika Magharibi na kufungiwa katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Walivushwa bahari kwa meli, wakaachiwa huru msituni bila ya kufundishwa namna ya kuishi porini, wakajifundisha wenyewe. Uzao wao uko huko mpaka leo. Sisi watu wa visiwa tunaelewa maana ya kushushwa ufukweni usikokujua. Je, hicho si kisa cha kumkesheza mtoto?

Wako watakaosema kwamba hadithi ni anasa, na kwamba mtoto wa machimboni anahitaji kwanza dawati, choo na chakula cha mchana. Nawaheshimu, lakini wafahamu kwamba machimbo nayo yana hadithi zake za mikasa, na wasimuliaji wake hawapumziki. Vijiweni, kila siku, mtoto husikia kwamba fulani aliingia duarani maskini, akatoka na bei ya gari. Hadithi hiyo nayo hukatizwa mahali patamu. Haisemi habari ya vifusi, wala ya mapafu yaliyojaa vumbi, wala ya zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu na kuchomwa jikoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanya kazi ya machimbo. Hata hivyo, mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya walikuwamo watoto, wengine wa miaka minane tu. Mwalimu yule alinieleza kwa sauti ya chini kwamba mvulana wa kitabu cha pango alikuwa hahudhurii skuli siku mbili mpaka tatu kwa wiki, akisaidia kuponda mawe. Sasa Ijumaa hakosi, na ili asipitwe na zamu yake ya kitabu, Alhamisi pia hakosi. Sidai kwamba kitabu kimemaliza umaskini wa nyumbani kwao. Nasema kimempa sababu ya kuja, na sababu hiyo ameichagua yeye.

Baada ya kipindi mwalimu alitupeleka ofisini. Humo mna kabati la chuma lenye kufuli, na ndani yake mna vitabu vya hadithi vya watoto, vizuri, vya rangi, vingine bado vimefungwa katika karatasi za nailoni. Vimefungiwa kwa sababu yule aliyekabidhiwa anaogopa kuulizwa vikipotea. Kitabu chenye kurasa pungufu kinasomwa na darasa zima, na kilichokamilika kinalindwa kisisomwe. Sitaitaja skuli hiyo, kwani si pekee, na nina hakika makabati ya namna hiyo tunayo hata huku Unguja na Pemba.

Sasa naelekeza maneno yangu kwa viongozi na watumishi wa Serikali wa ngazi zote. Kwanza, makabati yafunguliwe. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kihesabiwe kuwa kimetumika, na mwalimu asiadhibiwe kwa hilo. Pili, fedha zipo pa kuanzia. Halmashauri za maeneo ya migodi hupata ushuru wa huduma unaotozwa katika mapato ghafi ya makampuni, na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 kila mgodi wenye leseni hupaswa kupanga pamoja na halmashauri namna ya kuwahudumia wananchi wa jirani. Madarasa na zahanati zimejengwa, na tunashukuru. Lakini vitabu vya hadithi huwa nadra katika mipango hiyo, labda kwa sababu kitabu hakizinduliwi kwa kukata utepe. Tatu, kabla ya kununua, waulizwe watoto. Ubao wa mwalimu yule, wenye majina ya wanaosubiri zamu, ni ushahidi tosha wa kitabu kipi kinatakiwa, nao haugharimu zaidi ya kipande cha chaki.

Na waandishi wetu, hasa vijana, wasingoje kuagizwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, imefungua mlango. Shime, waende Rubondo, waende Mwadui, wakawasikilize na bibi wa Kisukuma wangali hai.

Tulipokuwa tukiaga, mvulana yule alinifuata, akanishika shikamoo, akaniuliza kama ninakijua kitabu chake. Nikamtajia jina. Aliliandika polepole kwa penseli juu ya ukurasa wa kwanza uliosalia, kisha akakimbia kumkabidhi mwenye zamu. Nimekwisha kupeleka nakala tatu za Mzimu wa Watu wa Kale kwa darasa lile. Ni kidogo. Ndugu msomaji, ukiwa na kitabu cha watoto kinachokaa bure nyumbani kwako, kipeleke kwenye skuli iliyo karibu nawe, ukamwombe mwalimu asikifungie.