Nyasi Laghai na Vikombe Vyake

Wakulima wa ngano wa Marekani ndio walioibandika nyasi hii jina la laghai. Mtu alipanda ngano, siku ya kuvuna akakuta shamba limejaa masuke membamba yaliyoinama, ndevu tele na hakuna cha kusaga. Jina lake la kitaalamu, Bromus tectorum, lilitoka kwa Linnaeus mwaka 1753. Neno la pili maana yake ni "ya mapaa", maana huko Ulaya iliota hata juu ya nyumba za makuti ya kwao. Mmea uliozoea kuishi juu ya paa utaogopa ukame gani?

Yangekuwepo mashindano ya magugu, hii isingepata kitu kwa kimo wala kwa nguvu. Mara nyingi haivuki goti, na ukiivuta inakuja na mizizi yake bila ubishi. Vikombe vyake ni vya kuwahi.

Chukua Great Basin, nchi kame inayobeba karibu Nevada yote na nusu ya Utah. Mimea mingi ya huko hulala baridi ikipita. Nyasi laghai hungoja mvua ya vuli tu, ikaota, na theluji inapotanda juu, chini mizizi inaendelea kurefuka taratibu kwenye udongo unaokaribia kuganda. Wenyeji wakiamka, maji ya juu yameshanywewa. Kufikia Juni imezaa, imegeuka zambarau, kisha imekauka kama karatasi, wakati majirani bado wana ukijani.

Kwa kusafiri nako haina mpinzani wa karibu. Ilifika nyanda kame za magharibi mwishoni mwa karne ya 19, ndani ya mbegu chafu za ngano, kwenye majani makavu ya kufungia mizigo, na kwa reli. Kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imeenea karibu kila mahali ilipo leo. Miaka kama 40 hivi! Ila tusiipe sifa zote peke yake: ng'ombe na kondoo waliochungwa huko kupita kiasi walikuwa wameshamaliza nyasi za asili, mlango ukabaki wazi.

Itazame punje yake kwa karibu. Ncha ni kali kama sindano, nyuma kuna udevu mrefu, na vinyweleo vyake vyote vimelazwa upande mmoja. Ikiingia kwenye soksi inasonga mbele tu, ukiivuta inakatika. Ng'ombe wanaoila kwa raha ikiwa mbichi huumia midomo na macho ikishakauka. Na kwa kuwa ua lake hujichavusha lenyewe, hiyo punje moja ya kwenye soksi inatosha kuanzisha ukoo.

Lakini rekodi zake kubwa inaziweka ikiwa imekufa.

Vichaka vya seji, vilivyotawala nchi ile, kwa asili humea vikiachana, udongo mtupu katikati. Moto ukiwaka kwenye kichaka kimoja, mara nyingi ulikosa njia ya kufikia cha pili. Nyasi laghai imetandika mkeka mkavu katika nafasi zile. Katika uwanda wa Snake River, Idaho, moto uliokuwa ukirudi baada ya miaka 60 hadi 110 umefika kurudi ndani ya miaka 5 sehemu zilizovamiwa. Seji ya huko ikiungua haioti tena kutoka kwenye shina, na mche wake unahitaji miaka mingi kukua. Nyasi inahitaji miezi tu. Kila moto unaipanulia shamba.

Julai 2018, kaskazini mwa Nevada, moto ulioitwa Martin ulikula takriban hekta 176,000, mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa ndani ya jimbo hilo. Kwa msomaji wa pwani: kisiwa kizima cha Unguja, na bado moto una baki. Mwaka huohuo watafiti walichapisha ramani inayoonyesha nyasi hii ikiwa na nafasi ya maana kwenye kilomita za mraba 210,000, karibu theluthi ya Great Basin. Pungufu kidogo ya Uganda.

Adui wake mwenye jina la kutisha kuliko wote ni ukungu mdogo, Pyrenophora semeniperda, ambao watafiti wameupa lakabu ya "vidole vyeusi vya kifo". Huingia ndani ya mbegu iliyolala udongoni, ukaila, kisha ukachomoza vijiti vyeusi kama vidole vya maiti. Ungedhani dawa imepatikana. Shida ni kwamba ukungu huu hufaulu zaidi kwa mbegu zinazochelewa kuota. Zile zenye haraka, mvua ikigusa tu, zinachipua kabla vidole havijazifikia.