Kibarua wa Kilindini Alitaka Nini Zaidi ya Mshahara?

Matajiri wengi hudhani kwamba mfanyakazi anayenung'unika hunung'unikia fedha tu, na kwamba akiongezewa shilingi chache atanyamaza. Fedha ni jambo kubwa, wala hapana mtu awezaye kulisha watoto wake kwa maneno mazuri. Lakini habari za wachukuzi wa bandari ya Mombasa zaonyesha kuwa mtu aweza kuongezewa mshahara na bado akabaki na kinyongo moyoni.

Hapo kale vyombo vya matanga vilitia nanga mbele ya Mji wa Kale, na mahamali wakabeba mizigo mabegani kupita vichochoroni hata maghalani. Mwaka 1926 zilimalizika gati mbili za kwanza za maji marefu huko Kilindini, upande wa magharibi wa kisiwa, na kazi kubwa ikawa huko. Wengi walioifanya walikuwa vibarua. Neno hilo lina asili yake: kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu ili kazi yake ya kutwa ihesabiwe. Meli zilipokuwa nyingi, watu waliitwa. Zilipopungua, walirudi nyumbani mikono mitupu.

Matajiri waliwaita vibarua wavivu kwa kuwa hawakuja kila siku. Maneno hayo hayakuwa ya haki. Mdigo wa upande wa Likoni aliweza kubeba magunia siku kadhaa, akapata fedha za kodi na nguo, kisha akarudi kulima shamba lake. Uhuru huo ulikuwa sehemu ya ujira wake, ingawa haukuandikwa katika daftari yoyote. Mtu aliyetoka bara, asiye na shamba karibu, aliona mambo kwa namna nyingine: kwake yeye siku isiyo na kazi ilikuwa siku ya njaa.

Kisha kulikuwa na taabu ya nyumba. Sheria ilimtaka tajiri ampe mtumishi wake wa mwezi mahali pa kulala au fedha za kupanga, lakini kibarua wa kutwa hakuhesabiwa humo. Watu walipanga vyumba Majengo na mitaa mingine ya kisiwani, wakalala wengi katika chumba kimoja. Mgomo wa mwaka 1939 ulianza kwa wafanyakazi wa Idara ya Ujenzi waliodai posho ya nyumba, ndipo ukaenea hata bandarini.

Tarehe 13 Januari, 1947, watu wapatao 15,000 waliacha kazi katika mji mzima: wa bandari, wa reli, wa mahoteli na hata watumishi wa majumbani. Walikaa bila kazi muda wa siku kumi na mbili hivi. Mshahara ulikuwa katika madai yao, lakini yafaa kuangalia yale mengine. Walilalamika kwamba Mwafrika hulipwa chini ya mtu wa taifa jingine afanyaye kazi ile ile, na kwamba kila mahali hutendewa kwa dharau na upendeleo. Dharau haiponywi kwa shilingi. Eliud Mathu, mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria, alikwenda Mombasa akawasihi warudi kazini, na baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker likaongeza mishahara. Lakini Chege Kibachia, aliyekiongoza chama chao, alikamatwa mwaka huo huo akahamishiwa mbali, na wafanyakazi wakakosa mtu wa kuwasemea.

Pengo hilo lilionekana wachukuzi walipogoma tena Machi 1955. Safari hii Tom Mboya alikwenda Mombasa akiwa katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akasaidia shauri lipelekwe kwa wasuluhishi, na nyongeza ikafika asilimia 33. Tangu hapo chama cha wafanyakazi wa bandari kilizidi kupata nguvu, na malalamiko yakawa na mlango wa kuingilia kabla hayajawa mgomo.

Wataalamu wa nchi nyingine waliona jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1959 Frederick Herzberg wa Marekani alitoa kitabu baada ya yeye na wenzake kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200. Alisema mshahara mbaya na usimamizi mbaya huleta uchungu, lakini kuviondoa hakuleti furaha. Furaha hutoka katika kazi yenyewe, katika kutambuliwa na kupanda daraja. Watu hao, hata hivyo, walikuwa na uhakika wa kazi ya kesho. Kibarua alihitaji uhakika huo kwanza.

Uhakika ulipokuja, ulikuwa na bei yake. Mwaka 1954 vibarua wa bandari waliandikishwa katika orodha, na asiyetimiza siku za kutosha alifutwa. Aliyebaki alipata kazi ya kutegemea. Aliyependa kugawa mwezi wake kati ya gati na shamba alipoteza vyote viwili alivyovipenda: fedha za Kilindini, na hiari ya kuchagua siku ya kuzitafuta.