Barabara Iliyopimwa kwa Bega la Maksai

Lori lililosheheni mahindi kutoka Kitale likikaribia Kamukuywa, dereva hushusha gia kabla hajauona mto. Anakijua kinachomngoja: mteremko, daraja, kisha mwinuko wa upande wa pili ambao utamfanya atambae kama kinyonga. Tena si Kamukuywa tu. Mlima Elgon humimina maji yake kuelekea Nzoia kwa mito mingi, Kamukuywa, Kibisi, Kuywa na mingineyo, na barabara ya kwenda Webuye inaikata baadhi ya mito hiyo kwa ubavu. Kila mto na bonde lake, kila bonde na kilima chake.

Dizeli humstahimili aliyechora barabara vibaya. Maksai hamstahimili. Ng'ombe wa kukokota anaweza kuvuta kwa saa nyingi nguvu isiyozidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Chukua maksai wawili wa kilo 300 kila mmoja: kwa pamoja wana nguvu ya kama kilo 60. Mkokoteni wa tani moja kwenye udongo mkavu, tambarare na mgumu, huhitaji mvuto wa kilo 40 au 50. Hapo wanatembea. Sasa wape mwinuko wa mita moja kwa kila mita 20. Mwinuko huo peke yake unadai kilo 50 zaidi kwa kila tani, na wale wawili wanasimama. Ama ufunge jozi ya pili, ama upunguze mzigo nusu, ama umrudie aliyepima njia umwambie aizungushe. Mvua ikinyesha, tope hukwamisha magurudumu hata pasipo kilima.

Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Kapteni Bertram Lutley Sclater, mhandisi wa jeshi la Uingereza. Babake, Philip Lutley Sclater, alikuwa mtaalamu wa ndege aliyeigawa dunia katika kanda sita mwaka 1858 kwa kufuata ndege wanaoishi katika kila kanda. Mwana akachagua kuigawa ardhi kwa mita na nyuzi. Kwanza alipima nchi ya kusini mwa Malawi ya leo. Kisha mwaka 1895 akaletwa huku, Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, aiendeleze njia ya mikokoteni ambayo kampuni ya William Mackinnon ilianza kuikata mwaka 1890 kutoka Mombasa na kuifikisha Kibwezi. Kutoka Kibwezi, Sclater alitakiwa aivushe Ukambani, aiteremshe Bonde la Ufa, aipandishe tena hadi Eldama Ravine, aipitishe nchi ya Wanandi hadi kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kisha Busia. Njia nzima ilikuwa karibu kilomita 970.

Utajuaje kwamba mlima ulio mbele yako una mita ngapi, ilhali hakuna ramani? Wapima nchi wa enzi ile walichemsha maji. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Kila unapopanda mita 300 hivi, hewa hupungua uzito na kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana maharagwe yanayoiva mapema Pwani hukaidi kwenye sufuria ya huku. Mpishi huona kero, mpimaji akaona ngazi. Kipimajoto kilichosomwa hadi sehemu ya kumi ya nyuzi kilimwambia yuko juu kiasi gani, akikosea mita 30 hivi. Mimi huiona mbinu hii kuwa miongoni mwa zile nzuri kabisa za sayansi, kwa sababu inaanzia jikoni na haihitaji kingine ila moto, maji na macho makini.

Njia ilihitaji vituo vya wanyama. Mwaka 1896, kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikiita mahali pa maji baridi, Sajini George Ellis, mhandisi wa jeshi naye, alisimamia kambi ndogo ya nyumbu na maksai. Kinamasi hicho ni Nairobi. Reli ya kutoka Mombasa iliikuta kambi hiyo mwaka 1899.

Ila maksai walikuwa wachache, kwani sotoka ya miaka michache nyuma ilikuwa imefagia mazizi ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mizigo mingi iliendelea kupanda kwenye vichwa vya watu. Novemba 1895 msafara wa serikali uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ulipambana na Wamaasai katika bonde la Kedong, baada ya ugomvi kuzuka kati ya watu wa msafara na wenyeji. Waliuawa wapagazi zaidi ya 500, wengi wao Wakikuyu, wengine Waswahili. Njia ikapewa jina la Sclater. Majina ya wale 500 hayakuwekwa kwenye kibao chochote cha barabara, nami siwezi kuisifu njia ile bila kuwataja.

Sclater mwenyewe hakukaa sana. Alifariki Zanzibar Julai 1897, akiwa na umri wa miaka kama 30. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Agosti, daktari Ronald Ross alikiona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad, India. Kizazi kizima cha wapimaji kilikuwa kimelala kando ya mito ya Afrika bila kujua ni nini hasa kinachowaua. Njia yake nayo haikudumu. Meli iliyopewa jina la William Mackinnon, iliyosafirishwa vipande vipande hadi ziwani, ilielea katika Ziwa Victoria mwaka 1900. Mwaka uliofuata reli ikafika Kisumu, na mikokoteni ikakosa kazi.

Lakini Sclater hakuwa mhandisi wa kwanza wa vita katika nchi hii. Wabukusu walikuwa wakijenga chingoba, vijiji vyenye kuta za udongo na handaki kuzunguka. Ujenzi huo una akili yake: udongo unaochimbwa hurundikwa papo hapo kuwa ukuta, kwa hiyo jembe moja hufanya kazi mbili. Chimba mita mbili, rundika mita mbili, na adui aliye ndani ya handaki anatazama juu mita nne. Mwaka uleule wa 1895, Charles Hobley, ofisa wa himaya ya Uingereza, alipotoka Mumias na askari na bunduki za Maxim, watu walijifungia ndani ya ngome hizo, kwanza Lumboka, kisha Chetambe. Kuta zilizojengwa kuzuia mikuki na mishale zilikutana na risasi, na wengi wakafa ndani yake.

Desturi ya Wabukusu ni kumzika mtu bomani kwake, si kwenye makaburi ya mji. Waliochimba handaki la Chetambe hawana mawe ya kaburi yenye vyeo. Handaki lenyewe lipo kilimani juu ya Webuye, limejaa nyasi, na mifugo hushuka ndani yake na kupanda upande wa pili.